Mkono Uliofungua Kabureta

Wiki iliyopita uliniacha nimemkaba Vioo shingo mbele ya karakana yake, watu wanapiga kelele, "Muache! Utaua!" Nilimwacha. Huruma haikuhusika. Walinishika mikono.

Kama ndiyo kwanza tunakutana, nisogelee nikupe kwa ufupi, maana nikirefusha nitapandwa na hasira upya na hatutafika.

Marehemu baba aliacha skuta moja ya zamani, ya bodi la bati, gia zake za kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Aliacha pia mtoto mmoja wa kiume, fundi wa skuta, yaani mimi. Mtu yeyote mwenye akili timamu atakwambia skuta ilirithiwa na nani. Basi atakosea. Mama alimpa mume wa mdogo wangu.

"Wewe umerithi mikono ya baba yako," mama aliniambia. "Mwenzio hana chochote cha kumkumbuka mkwewe."

Nikafoka. Mbele ya wakwe na majirani nikasema, "Haya, apande! Ipo siku hiyo skuta itamfunza adabu." Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni hiki changu.

Baadaye mdogo wangu akaja karakana kunibembeleza. Mumewe alitaka kuingia mbio za kupanda mlima, na skuta jinsi ilivyotoka kiwandani haikuwa na pumzi. Nikakubali, kwa sababu ilikuwa ya baba na sikutaka iaibike mbele za watu. Nikatanua silinda, nikaweka pistoni kubwa na kabureta kubwa, nikakunja egzosi mpya kwa mikono yangu. Ilikuwa kazi ya maana, nasema bila haya. Siku moja kabla ya mbio nikaisukuma hadi sebuleni kwa mama, ikalala huko, na asubuhi shemeji akaja kuichukua.

Hakufika mlimani. Kwenye barabara iliyonyooka, mbele ya macho ya mkewe, injini ilikwama, gurudumu la nyuma likajifunga, shemeji akarushwa. Nyonga imevunjika. Madaktari wanasema atatembea, ila hawasemi lini.

Tangu siku ile mdogo wangu haniiti kaka. Ananiita "yule". Mwambieni yule asikanyage hospitali. Yule alisema mwenyewe, mlimsikia. Mama alijaliwa watoto wawili tu. Huyu nilimfundisha kuendesha skuta hiyo hiyo, yeye mbele ameshika usukani, mimi nyuma nakimbia nimeshika kiti huku natukana. Leo mimi ni "yule".

Sasa sikia yaliyofuata.

Skuta ilikuwa imefungiwa uani kwa kaka mkubwa wa shemeji. Huyu ni mchomeleaji wa mageti, mtu mwenye mikono minene na maneno machache, na machache yenyewe yote mabaya. Aliifunga kwa mnyororo ili mimi nisiiguse. Eti nitafuta ushahidi.

Jumamosi mchana akaileta karakana kwangu, uani kwa mama, juu ya pikapu, mnyororo bado uko shingoni kama mbuzi wa mnada. Bati la kulia limekunjamana, taa imeng'oka, rangi ya baba imechubuka hadi kwenye chuma. Nilikuwa sijaiona tangu ajali.

Mdogo wangu alishuka upande wa pili. Akasimama kwenye kizingiti cha geti, mikono kifuani, hataki kuingia.

"Karibu ndani, mwanangu," mama alimwita kutoka kwenye kigoda chake.

"Hapa panatosha, mama. Nimekuja kwa ajili yako."

Sikuangaliwa hata kwa bahati mbaya.

"Leo injini inafunguliwa," mchomeleaji alisema. "Kosa likiwa lako, kutoka hapa ni kituoni. Nimeshaongea na askari."

"Tufungue kwanza injini," nikamjibu. "Kufunga watu kutakuja baadaye."

"Tena hufungui peke yako. Mimi si fundi wa injini, unaweza kunionyesha kijiko ukaniambia ndiyo pistoni. Nimekuja na mtu wa kusimamia."

Nyuma ya pikapu akashuka Vioo.

Vioo! Yule yule niliyemkaba! Shingoni alama za vidole vyangu bado zinasomeka. Huyu bwana ana skuta yenye vioo vingi kuliko saluni, na katika vyote hivyo hajawahi kujiona. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa baba. Baba akamfukuza kwa uvivu, akaenda kufungua karakana ng'ambo ya barabara, anapaka rangi na kung'arisha vyuma, wateja wanamsifu. Injini hajui ila kuisikia ikinguruma.

Na jioni ile skuta ilipolala sebuleni, Vioo alipita pale kumsalimia mama. Mama mwenyewe ndiye aliyenitajia. Unadhani nilimkaba kwa sababu ya vioo?

"Huyu haingii hapa," nikasema.

"Basi injini haifunguliwi," mchomeleaji akasema, akashika mlango wa gari.

"Mimi sikuomba kuja," Vioo alisema kwa sauti ndogo. "Nimeitwa. Na ukinigusa tena, fundi, safari hii na mimi nina spana."

"Acheni!" mdogo wangu alipiga kelele pale getini. "Mume wangu hawezi kujigeuza kitandani, nyinyi mnapimana vifua! Yule aulizwe jambo moja tu. Aliifanya nini skuta ya baba?"

Yule. Mbele ya Vioo.

Hapo ndipo damu iliponipanda kichwani. Nikachukua bisibisi, nikaigonga juu ya meza ya kazi, nikasema maneno ambayo hakuna aliyeniomba niyaseme.

"Sikilizeni wote. Kosa likiwa langu, nafunga karakana leo na sishiki skuta tena maisha yangu. Na kama ni mkono wa mtu mwingine, nitamtaja hapa hapa, mbele yenu, hata akiwa wa damu yangu. Naapa kwa kaburi la baba. Mtamchukua na mimi nitawasaidia kumbeba."

"Tumesikia," mchomeleaji alisema.

Mama akainuka. "Injini ya baba yenu siwezi kuitazama ikiwa wazi. Nakwenda kuteleka chai." Akaingia ndani, akavuta mlango.

Nikavua bati la pembeni, kabureta ikaonekana.

Sasa nikueleze desturi ya karakana yetu. Baba alikuwa na ukaidi wake. Kila skrubu aliyoikaza, ule mfereji wa kichwani lazima usimame wima, zote, kama watu kwenye foleni. Sababu yake ni kwamba injini hutikisika. Skrubu ikilegea, mfereji unalala, na jicho linaona kabla mkono haujagusa. Mafundi wengine hukaza popote inapoishia. Kwetu skrubu iliyolala ilikuwa inaleta kofi.

Nikainama na kurunzi. Nilitarajia kuziona zimelala ovyo. Nilishajiandaa hata maneno ya kumwambia Vioo.

Skrubu za kabureta zilikuwa zimesimama wima. Zote.

Vioo naye aliinama. Akatazama, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unapata nuru.

"Bwana mkubwa," alimwambia mchomeleaji, "mimi kwangu skrubu sizipangi. Waulize wateja wangu. Mpango huu ni wa nyumba hii."

"Kwa maana gani?"

"Kwa maana aliyeifunga mwisho hii kabureta ni yeye mwenyewe."

Mchomeleaji akacheka bila kufungua meno. Mdogo wangu alifunika uso. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikajitilia shaka. Je, nilikosea? Nilikuwa na hasira siku zile zote nilipokuwa naitengeneza, na hasira hasara, kila mtoto anajua. Labda mkono ulipitiwa.

"Endelea," mchomeleaji akaniamuru.

Nikatoa plagi. Plagi ya injini iliyoshiba petroli huwa na rangi ya kahawia. Hii ilikuwa nyeupe, imekauka kama chaki. Nikavuta silinda. Pistoni ilikuwa imekwaruzika pande zote mbili, aluminiamu imeyeyuka na kugandamana na ukuta.

"Maana yake nini?" mdogo wangu aliuliza. Alikuwa ameshavuka kizingiti bila kujua.

Nikamjibu huku naiangalia pistoni, maana yeye sikuthubutu kumwangalia. "Injini ilikuwa na njaa. Hizi skuta za zamani, mafuta ya kulainisha yanachanganywa ndani ya petroli. Petroli ikipungua, na mafuta yamepungua, na ubaridi umepungua. Pistoni inapata moto, inavimba, inang'ang'ania silinda. Na mbaya zaidi, kabla ya kukwama inakimbia kuliko siku zote."

Mdogo wangu akatoa sauti. "Alisema hivyo. Pale hospitali. Alisema ilikuwa inaruka."

"Nilimwambia vidole viwili viwe juu ya klachi wakati wote! Ikikwama anavuta, gurudumu linakuwa huru. Nilimwambia mara ngapi? Kwa nini hakuvuta?"

"Kwa sababu alikuwa ananipungia mkono!" alilia. "Aliniona pale kando ya barabara, akanipungia! Haya, umefurahi?"

Sikufurahi. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe sikuwa namjua bado.

Nikafungua kabureta. Ndani yake kuna kitu kinaitwa jeti, kipande cha shaba kidogo kuliko ncha ya kidole, chenye tundu jembamba. Petroli yote ya injini inapita kwenye tundu lile. Injini niliyoitanua nilikuwa nimeitilia jeti kubwa, mpya, inayong'aa.

Iliyotoka ilikuwa ndogo, ya zamani, imepauka, ubavuni ina alama ya msumeno.

Nikaigeuza kiganjani. Nikaigeuza tena. Moyo ukaanza kunienda mbio, na safari hii kwa furaha, Mungu anisamehe.

"Hii siyo yangu," nikasema. "Hii siyo jeti yangu! Mimi nilitia kubwa. Hii ni ya injini ya kiwandani. Kuna mtu alifungua akabadilisha!"

"Na skrubu?" mchomeleaji akauliza. "Huyu amesema skrubu za wima ni zenu."

"Ni zetu. Na za nani mwingine?" Nikageuka taratibu. "Nani alifundishwa kazi kwenye meza hii? Nani alipigwa makofi na baba kwa ajili ya skrubu mpaka akajifunza?"

Vioo alirudi nyuma hatua moja.

"Fundi, usinifanyie hivyo."

"Hii alama ya msumeno unaijua?"

"Naijua. Ni alama ya mzee. Alikuwa anatia kwenye jeti zake."

"Mmemsikia! Jeti ya marehemu, desturi ya marehemu, na jioni ile ile wewe uko sebuleni kwa mama unasalimia! Toka lini unamsalimia mama?"

"Kila wiki namsalimia! Muulize! Mzee alinifukuza yeye, mama hakunifukuza!"

"Ulitaka skuta yangu ifie barabarani mbele ya mji mzima, ili waseme mimi si fundi. Shemeji ameumia kwa ajili ya wivu wako!"

"Sikuigusa. Wallahi sikuigusa."

"Ni huyu," nikamwambia mchomeleaji. Nilinyoosha kidole mpaka bega likauma. "Niliapa nitamtaja. Nimemtaja."

Mchomeleaji hakusubiri ya pili. Alimkamata Vioo ukosi kwa ule mkono wake mnene, akamburuta kuelekea geti. Spana ikaanguka chini. Wapita njia wakaanza kujaa. Mtu mmoja ambaye hajui hata kulitokea nini akasema, "Siku za mwizi arobaini," na wenzake wakaitikia.

Nakuambia ukweli, ndugu msomaji. Nilijisikia vizuri. Baada ya kunyooshewa vidole sokoni, msibani na hata kwa kinyozi, nilijisikia vizuri sana.

Kisha nikahisi mkono juu ya mkono wangu.

"Kaka," mdogo wangu alisema.

Sikugeuka upesi. Niliogopa nimesikia vibaya.

"Kaka, nisamehe. Nilisema maneno makubwa. Nilimwambia mume wangu kwamba wewe si ndugu yangu tena." Machozi yalimtoka hadi yakadondokea kwenye grisi ya meza. "Nisamehe, kaka yangu."

Nilimshika bega tu, na mkono wangu mchafu ukaacha alama kwenye nguo yake, wala hakujali. Jeti bado ilikuwa kiganjani mwangu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama akatoka na sinia la vikombe na birika. Akatazama zogo la getini, akatikisa kichwa kama aliyewazoea, akaweka sinia juu ya meza, akaja kusimama ubavuni kwangu. Alimwona binti yake ameniegemea. Uso wake ukachangamka jinsi ambavyo sijauona tangu msiba wa baba.

Halafu akaona kilichomo kiganjani mwangu.

"Ah," alisema. "Kumbe mmekiona."

Nikadhani sikumwelewa. "Nini, mama?"

Alininong'oneza, karibu kabisa na sikio, ili mdogo wangu asisikie. "Hicho kijeti. Nilikitoa kwenye kopo la baba yako, nikakitia mimi. Usinikasirikie, baba."

Nikaifumba jeti kiganjani.

Nilipokuwa mdogo kabureta zote za karakana zilifungwa juu ya meza ya jikoni. Vidole vya baba vilikuwa vinene. Vya mama vyembamba. Yeye ndiye aliyekuwa anazifunga, na baba anasimama nyuma yake kukagua kama skrubu zimesimama. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nilikumbuka makofi ya Vioo nikasahau vidole vya mama yangu.

"Kwa nini, mama?" Sauti yangu sikuitambua.

"Uliiwasha hapa uani siku ile, ule mlio ukanitoa roho. Nikasema, mimi ndiye niliyempa huyu kijana hiki chombo, akifa nitamwambia nini mwanangu? Baba yako wateja waoga alikuwa anawatilia jeti ndogo. Petroli kidogo, mbio kidogo." Akanipapasa mkono. "Nilitaka kukwambia. Lakini wewe na hasira zako, nikaona utanifokea kwamba nimeharibu kazi yako. Nikanyamaza. Na umeona, Mungu mkubwa. Ingekuwa na ile yako kubwa, si tungemzika?"

Injini ya kiwandani huvumilia jeti ndogo. Ile niliyoitanua mimi haivumilii, na mama sikuwa nimemwambia nimetanua kitu. Hatukuwa tunaongea. Nilikuwa nimemnunia kwa sababu ya urithi.

Yeye alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameibeba siri hiyo muda wote huu kama zawadi.

Kule getini zogo likazidi. Shati la Vioo limeshachanika begani. Mchomeleaji ameuchukua ule mnyororo wa skuta na anamfunga nao mikono, na watu wanamsaidia kushika.

"Fundi!" Vioo alipaza sauti. Hakuwa anatukana. Afadhali angetukana. "Fundi, nitazame usoni useme tena kwamba ni mimi! Sema tena, halafu nitakwenda nao!"

Watu wakanyamaza ili wasikie. Mchomeleaji akageuka.

"Ana haki yake," alisema. "Mtaje mara ya pili, tuondoke. Ulisema utamtaja hata akiwa wa damu yako. Huyu si wa damu yako, kigugumizi cha nini?"

"Kuna nini tena?" mama aliuliza, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mbona mmemshika mtoto wa watu? Mleteni anywe chai, yeye ni mgeni." Akashika birika, akaanza kumimina, kikombe cha kwanza akakisogeza upande wa Vioo.

Mdogo wangu akakishika kiganja changu kwa mikono yake miwili, akakibana. Jeti ikanichoma katikati.

"Sema, kaka," alisema. "Sema tu, yaishe."

Nikafungua mdomo. Nikaitafuta hasira yangu ile ya siku zote inisaidie, na sikuiona.